Wanafunzi wa Afya Wanapobisha Hodi

Tangu wanafunzi wa afya ya jamii walipoondoka vijijini mwetu tumekuwa tukiulizwa maswali mengi, mengine nje ya kanisa baada ya Misa, mengine hapa hospitalini kwenye dirisha la dawa. Mama mmoja aliuliza kwa nini kijana wa mjini aliketi jikoni kwake asubuhi nzima akimtazama akichota maji na kuosha vyombo. Kiongozi wa jumuiya moja alitueleza kwamba watu wanadhani zile namba zilizoandikwa milangoni kwa chaki ni za kodi. Na yuko mzee mmoja, ambaye tunamheshimu sana, aliyewafungia wanafunzi mlango bila kusema neno. Yeye anayo sababu yake. Tutaieleza hapo mbele, kwa kuwa kosa lilikuwa letu.

Tuanze na kuwatambulisha. Wanafunzi wanaokuja kwenu ni wa namna mbalimbali. Wapo wanaosomea uuguzi. Wapo watakaokuwa maafisa afya, wale ambao wazee bado wanawaita mabwana afya. Wapo pia vijana wa hapa hapa kijijini wanaofundishwa kuwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao wa mwisho mtazidi kuwaona, maana Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kufunza wahudumu 137,294 katika muda wa miaka mitano, yaani wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa nchini. Kadhalika huwa tunawachanganya na wafanyakazi wa hospitali waliohitimu zamani, ambao hawajawahi kufika nyumbani kwa mgonjwa hata mmoja. Msidhani hao ni wachache.

Kikombe cha chai

Sisi tuliosoma zamani tulifundishiwa wodini. Mgonjwa yuko kitandani, chati iko miguuni pake, mwalimu amesimama pembeni. Tulijua kupima joto, kutundika dripu na kufunga kidonda, na tulipopata stashahada zetu tulidhani kazi tumeimaliza kuijua.

Katika mwaka wetu wa kwanza kazini alikuja mama na mtoto wa mwaka mmoja hivi aliyekuwa akiharisha. Hali yake haikuwa mbaya. Tukampa mama pakiti mbili za ORS, ile dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, na tukamwambia kama tulivyofundishwa: "Koroga pakiti moja katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, umnyweshe kidogo kidogo." Mama akaitika, akaenda zake. Kesho yake jioni alirudi, mtoto amelegea, na kabla hatujamlaza akaanza kushikwa na degedege.

Mama alikuwa amekoroga pakiti nzima katika kikombe cha chai. Nyumbani kwake hapakuwa na chombo cha lita moja, na neno lenyewe "lita" alilisikia dukani tu, kwenye mafuta ya taa, ambako muuzaji hupima kwa kopo lake mwenyewe. Chumvi ikamzidi mtoto mwilini. Tulikesha naye siku mbili. Alipona, na leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, lakini ilikuwa karibu sana.

Muuguzi mkuu wa wakati ule, mama mkali asiyependa maneno mengi, hakutugombeza. Alituambia tuvae viatu vya kutembelea. Tukaenda naye kwa miguu hadi nyumbani kwa yule mama, mwendo wa saa mbili na zaidi, na tulipofika akamwomba atuonyeshe kila chombo chenye kushika maji. Ikatolewa sufuria, kibuyu, ndoo, vikombe viwili na bilauri moja iliyopasuka mdomo. Hakuna hata kimoja tulichoweza kukiita lita. Tukatazamana. Ndipo mama mkwe wake akazunguka nyuma ya nyumba akarudi na chupa tupu ya bia, ya nusu lita. Chupa mbili zikawa lita moja! Tangu siku ile tulifundisha kwa chupa katika kijiji kile chote, na hata nyumbani kwa katekista hazikukosekana. (Hatukuuliza zilikotoka.)

Hadi leo mwanafunzi akiingia nyumba yenye mtoto anayeharisha, jambo la kwanza tunalomtaka afanye ni kuomba kuona vyombo. Asitamke lita kabla hajaishika mkononi. Kisha mama akoroge mwenyewe, mwanafunzi akitazama, maana mtu aliyekoroga kwa mkono wake hasahau. Na akumbushwe kwamba mtoto aendelee kunyonya na kula, na apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.

Jambo hili si geni

Wapo wanaodhani kwamba kumpeleka mwanafunzi kijijini ni mtindo mpya ulioletwa na wafadhili. Sivyo. Mwaka 1940 daktari Sidney Kark na mkewe Emily, naye daktari, walianzisha kituo cha afya huko Pholela, sehemu za Natal nchini Afrika ya Kusini. Hawakungoja wagonjwa waje. Walitembelea nyumba moja baada ya nyingine, wakihesabu watu, wakitazama chakula na bustani, na wasaidizi waliowafundisha kazi hiyo walijifunza wakiwa mle mle majumbani. Baadaye, Septemba 1978, mataifa yalipokutana Alma Ata, katika nchi ambayo leo ni Kazakhstan, yalikubaliana kwamba huduma ya afya ya msingi iwahusishe wananchi wenyewe tangu kupanga hadi kutenda.

Na sisi Watanzania tulikuwa na letu. Wasomaji wenye umri wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Wanavijiji walioshiriki walikaribia milioni mbili. Viongozi wa vikundi vile hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi.

Ramani ya majivu na njia ya chooni

Wanafunzi wetu hukaa kijijini wiki sita. Wiki ya kwanza hawaruhusiwi kufundisha kitu chochote. Wanatembea, wanasalimu, wanasikiliza. Baadhi yao huona wiki hiyo ndefu kuliko zote, kwa kuwa wametoka chuoni na vichwa vimejaa, wanataka kumwaga.

Katika wiki hiyo huwaomba wanakijiji wawachorее ramani ardhini, kwa majivu na mawe, akina baba peke yao na akina mama peke yao. Safari iliyopita akina baba walichora barabara, kanisa, shule, kilabu, josho na kisima cha pampu. Akina mama walichora kisima hicho pia, lakini wakaweka jiwe jingine mbali, kule bondeni. Walipoulizwa, wakasema kwamba pampu hukauka mwezi wa Septemba, na toka hapo mpaka mvua zinyeshe watu wote hunywa maji ya chemchemi ile. Akina baba walikuwa wakiyanywa maji hayo kila mwaka bila kujua yanakotoka.

Fundi wetu wa maabara alifuatana na wanafunzi hadi bondeni. Kwa miaka mingi alikuwa akiona kwenye darubini yake amiba za watu wa kijiji kile, na kila mwaka alikuwa akishangaa kwa nini huzidi wakati wa kiangazi. Alipofika chemchemini aliinua macho, akaona vyoo viwili juu yake kidogo tu kwenye mteremko. Alikaa kimya. Choo chafaa kiwe mbali na chanzo cha maji, mita 30 au zaidi, na kiwe upande wa chini, si upande wa juu. Jambo hilo alilijua tangu chuoni, lakini hakuwahi kuliona kwa macho yake.

Kuhusu vyoo kipo kisa kingine. Kijana mmoja anayesomea uafisa afya alirudi kwetu na furaha nyingi kwamba karibu kila kaya ya kitongoji chake ina choo. Mwenzetu mmoja, muuguzi wa siku nyingi, akamwuliza, "Na njia zake umeziona?" Kijana hakuelewa. Wakaenda pamoja. Vyoo vilikuwepo kweli, vyenye kuta na mlango, lakini kwenye nyumba kadhaa majani yalikuwa yameota njia nzima kutoka mlango wa jikoni hadi chooni. Choo kinachotumika hakioti majani njiani.

Sasa kwa nini? Kijana yule aliuliza kwa kutumia karatasi yake ya maswali, akajibiwa kila mahali kwamba choo kinatumika vizuri, asante. Alipata jibu wiki ya nne, usiku, akimenya maharage na bibi aliyempa malazi. Bibi alimwambia, "Mjukuu wangu, nani amekudanganya kwamba mke wa mtoto anaweza kuingia mahali alipotoka baba mkwe? Hiyo ni aibu." Basi ndivyo ilivyokuwa. Choo alichimbiwa mzee, na wake wa vijana waliendelea kwenda migombani pamoja na watoto wao.

Tunawaomba wasomaji wasiicheke desturi hiyo. Ni heshima, na heshima haifutwi kwa kipeperushi. Familia mbili zilikubali kuchimba shimo la pili upande wa jikoni, na kijana wetu alichimba nao mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nje ya kila choo wakatundika kibuyu chirizi, lile dumu dogo lenye kamba ya kukanyagia, na sabuni ikafungwa kwenye kamba yake ili kuku wasiidonoe.

Mkono na pumzi

Yapo mambo yanayoonekana mepesi darasani lakini huwa magumu mno mtoto anapokuwa amepakatwa na mama yake. Kwa mfano utepe wa kupimia mkono, wenye rangi nyekundu, njano na kijani. Hutumika kwa watoto wa miezi sita hadi chini ya miaka mitano. Chini ya sentimeta 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, mtoto apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, mtoto yuko hatarini. Kuanzia 12.5 ni kijani.

Mwanafunzi mmoja alituletea orodha ya watoto wekundu wengi hata tukashtuka. Tukatoka na gari kwenda kuwapima upya. Alikuwa akiukaza utepe kama mtu anayefunga mzigo! Utepe hupimwa katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, mkono ukiwa umelegea, na ushike ngozi bila kuibana. Katika orodha ile yote waliobaki wekundu walikuwa wawili, na mmojawapo alikuwa mtoto ambaye jirani wote walimwita mnene, kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba. Akina mama, uvimbe wa miguu yote miwili kwa mtoto mdogo si unene. Mleteni.

Vivyo hivyo kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Yahesabiwe dakika nzima, kifua kikiwa wazi na mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka, na kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza miaka mitano ni 40 au zaidi. Huenda hiyo ni nimonia, na mtoto asicheleweshwe. Binti mmoja alihesabu kwa robo dakika akazidisha mara nne, tena mtoto akiwa analia. Akapata 72. Nyanya wa mtoto akamwambia kwa upole, "Mwanangu, huyu umemtisha wewe na hiyo koti yako nyeupe. Ivue, ngoja atulie." Binti akavua koti, akangoja, akahesabu dakika nzima. Zikawa 36. Hakuna mtihani wa chuo ambao ungemfundisha kuvua koti.

Kwa nini mzee alifunga mlango

Sasa tufikie yule mzee. Ametupa ruhusa kuandika habari hizi, ila jina na kijiji tusitaje, na hata biashara ya mke wake tumeandika nyingine.

Miaka michache iliyopita mzee alikuwa akitumia dawa za kifua kikuu. Mwanafunzi mmoja, msichana mwema na mwenye bidii, alipangiwa kumtembelea kila siku ili kuhakikisha anameza dawa. Alikaribishwa vizuri, akawa analishwa pale kama mtoto wa nyumbani. Siku moja, akiwa kisimani, akina mama walimwuliza kama watu wanavyoulizana, leo ulikuwa wapi. Akajibu. Na katika kujibu akazitaja zile dawa. Hakusema kwa ubaya.

Haikupita wiki. Mke wa mzee alikuwa akiuza vitumbua asubuhi kando ya barabara, na watu wakaanza kupita upande wa pili. Mjukuu wao akahamishwa dawati shuleni. Wakati huo mzee alikuwa amekwisha kutumia dawa kwa zaidi ya miezi miwili, na makohozi yake yalipopimwa yalikuwa safi. Hakuwa akimwambukiza mtu yeyote. Mgonjwa anayemeza dawa sawasawa huacha kuambukiza mapema sana, na matibabu ya kawaida ya miezi sita humponya kabisa. Hayo tulipaswa kuwa tumewafundisha wanakijiji wote kabla ya kumtuma mtu mmoja mlangoni pa mtu mmoja kila siku, kila mtu akiona.

Tulikwenda kuomba msamaha, sisi pamoja na msichana. Alilia. Mzee alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi sikukaribisha mwanafunzi, nilikaribisha mtoto. Mtoto wa nyumba hasemi ya ndani nje." Alimaliza dawa zake zote, akapona. Akitukuta njiani hutusalimu vizuri. Mke wake amerudia vitumbua, lakini huenda kuviuza kijiji cha pili. Wanafunzi wanapofika kwake, mlango unafungwa, nasi tumewaambia wapite bila kubisha.

Tangu hapo tumebadili mambo. Daftari la mwanafunzi huandikwa namba ya nyumba tu, ndiyo zile namba za chaki mnazoziona. Majina yako katika kitabu kimoja kinachofungiwa kabatini kwetu. Mgonjwa huulizwa kwanza kama anataka kutembelewa nyumbani au akutane na mwanafunzi kanisani, shambani au kwenye kliniki ya mkoba. Na kisa hiki husimuliwa kwa kila kundi jioni ya kwanza, kabla hawajapewa chakula.

Wakija kwako

Mwanafunzi akibisha hodi, muulize barua ya utambulisho. Awe nayo, yenye muhuri wa ofisi ya kijiji na wa hospitali. Unaweza kumkubalia, unaweza kumkatalia, na ukikataa hutanyimwa huduma yoyote hospitalini. Unaweza kujibu maswali mengine na kuacha mengine. Mwambie akusomee alichoandika kuhusu nyumba yako, ndiyo haki yako. Asipige picha ya mtoto bila idhini ya mzazi. Asikuchome sindano wala asikuuzie dawa, na yeyote atakayefanya hivyo tuletewe habari zake mara moja. Asipokuwa na adabu, mkanye kama unavyomkanya wa kwako, kisha utuambie.

Akikufundisha jambo usilolielewa, usiitikie tu kwa heshima. Yule mama wa kikombe cha chai aliitikia kwa heshima. Toa vyombo vyako, mwambie akuonyeshe kwa hivyo hivyo.

Wiki ya sita hufanyika mkutano chini ya mwembe au katika ukumbi wa parokia, na wanafunzi husoma taarifa yao mbele ya wanakijiji kabla haijafika chuoni. Safari iliyopita akina mama waliwasahihisha mara nne, na mara moja kwa kicheko kirefu, kwa sababu mwanafunzi alikuwa ameandika kwamba kijiji hakina wakunga wa jadi, naye alikuwa amelala wiki zote sita nyumbani kwa mmoja wao.

Kundi lijalo litafika baada ya mavuno, mwezi wa Agosti. Tunahitaji familia za kuwapa malazi, hasa katika vitongoji vya bondeni, karibu na ile chemchemi. Wanakula mnachokula ninyi, wanachota maji na kulima kama wengine wa nyumbani. Wenye nafasi wawaambie viongozi wa jumuiya zao kabla ya mwisho wa Julai. Godoro na chandarua tunaleta sisi.